Chiriku Aliyekata Maneno ya Nungunungu

Sogeeni niwape hili, jamani, nacheka huku roho inaniuma. Kule Kavumbini, kimji cha wanyama kilichokauka kisima, Nungunungu aliomba uongozi. Akasema mbele ya wote, "Mji huu umekufa kama hatuchimbi kisima kipya. Tukichimba wote, utapona."

Sasa Chiriku, mdomo wake hautulii, yeye alimtaka Jogoo ndiye aongoze. Akapita nyumba kwa nyumba: "Mmesikia? Nungunungu kasema mji huu umekufa." Alitaka wamchukie tu. Kumbe wenzie wakaingiwa na hofu, wakaanza kufunga virago.

Kanga alikuwa anaatamia. Akauliza, "Shoga, kasema hivyo kweli?"

"Kwa mdomo wake."

Kanga akayaacha mayai yangali na joto, akashika njia analia. Hata Nungunungu alipoona hana wa kuchimba naye, akaondoka. Jogoo akapata uongozi bila kupingwa, akawika, hakuitikiwa.

Chiriku kuona mji mtupu, mbio nyuma ya Kanga. "Rudi shoga, mayai yatapoa. Alisema tukichimba wote, mji utapona."

Kanga hakugeuka. "Wote kina nani sasa? Si umebaki wewe na Jogoo wako?"