Heshima Juu ya Mkeka

Kabla ya kuikubali posa ya binti yake Nashida, Bi Mwanaisha alimwita mposaji, Kibwana, akamuuliza, “Mwanangu, heshima ni nini?”

Kibwana alisimama katikati ya mkeka akaieleza heshima kwa ufasaha, mpaka jogoo wa jirani akanyamaza kumsikiliza na chai ikaota ukungu.

“Umemaliza, baba?”

“Huo ulikuwa utangulizi, mama.”

“Basi utangulizi wako umenikanyagia mkeka kwa viatu.”

Nyuma ya pazia, Nashida aliangua kicheko. Kibwana akavua viatu mbiombio. Soksi ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikachungulia nje kama mgeni anayepiga hodi.

Bi Mwanaisha alikitazama kidole kile, midomo ikimcheza.

“Nashida we! Lete sindano na uzi. Lete mwenyewe, usimtume mtu.”

Pazia likatikisika.