Siku Twiga Alipokuwa Kivuko

Kiboko aliwavusha wanyama mtoni tangu alfajiri hadi jioni. Kwa kuwa hakupata nafasi ya kwenda malishoni, kila mnyama wa pande zote mbili alimletea fungu la majani. Siku moja Twiga, mwenye miguu mirefu, akasema barazani, "Mimi navuka mwenyewe. Asiyepanda asichangie." Wengi wakaona ni neno zuri, wakaacha kuchanga.

Kiboko hakubishana. "Sawa, mzee. Basi kesho naenda kula."

Kulipokucha, Kima hakufika kumtoa Twiga kupe shingoni kama kawaida yake. Twiga akawashwa mpaka akamfuata ng'ambo.

"Ningekuja vipi, mzee, nami sijui kuogelea, na Kiboko hayupo?" Kima akauliza.

"Panda mgongoni nikuvushe, unitoe kupe njiani."

Kima akapanda. Ngiri naye akaomba, maana mwanawe mgonjwa alikuwa upande wa pili. Twiga angemkataliaje? Nyuma ya Ngiri wakapanga foleni Digidigi, Pimbi na jamaa zao. Kufikia adhuhuri Twiga alikuwa amevuka mara tisa, na hajatia hata jani moja mdomoni.

Akamwendea Kiboko malishoni.

"Umeshakula, mzee?" Kiboko akamuuliza.

"Nile saa ngapi, na foleni ile?"

Kiboko akaendelea kutafuna. Twiga akainama kwa taabu, akakata majani, akafunga fungu kubwa na kuliweka mbele ya Kiboko.

"Huu ni mchango wangu," akasema. "Sasa naenda barazani kuwaambia wenzangu nao wachange."

Kiboko akalila lote, akashuka mtoni kuwavusha waliokuwa foleni.