Soli ya Kiatu cha Kushoto

"Mama, leo ni mara ya mwisho," mwanawe Verna alimwambia kwenye dirisha la gari, baada ya kupima upepo wa matairi ya nyuma. "Ukishindwa kuondoka vizuri tena, Jumatatu natoa gia ya mkono, naweka otomatiki. Goti lako limechoka."

"Goti ni langu au lako?" Verna alimjibu.

Msimu mzima wa mbio fupi za magari, gari lilikuwa likimwaibisha pale pale kwenye mstari wa kuanzia. Mara lizimike, mara matairi yasage lami na kufuka moshi bila kwenda popote. Walipunguza upepo, wakapunguza kasi ya injini, wapi!

Foleni ya magari yanayosubiri zamu ikasogea. Verna akapapasa kwa mguu pale klachi inapoanza kushika, asipaone. Ilikuwa kama kumpapasa mtoto mashavu huku umevaa glavu za jikoni.

Akatazama chini. Kiatu cha kushoto alichopewa na daktari mwanzoni mwa msimu, kwa ajili ya goti, kilikuwa na soli nene kama kipande cha mkate.

"Kitendawili!"

"Sasa hivi, Mama? Haya, tega."

"Marafiki wawili hawasikilizani. Nani amelala katikati yao?"

"Sijui mimi!"

"Huyu hapa, kati ya mguu na klachi." Akamtupia kiatu, akachomoa chini ya kiti raba yake kuukuu ya bustanini, iliyolika soli, akaivaa.

Kwenye mstari, klachi ikamtetemekea chini ya vidole kama paka anayekoroma. Taa za njano za kuanzishia mbio zikawaka kushuka chini, moja, ya pili, ya tatu. Verna akaachia klachi, gari likachomoka.

Mwanawe alibaki amesimama na kiatu mkononi. Moshi haukuwapo hata kidogo.