Fremu ya Mwisho ya Shoto

"Usiiguse hapo kwenye kona," shemeji alinong'ona. "Kutu bado haijashika vizuri."

Mjane aliondoa kidole haraka. Walikuwa wamesimama mlangoni kwa Bwana Kioo, fremu ya baiskeli imefungwa kwenye shuka la kitandani. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliichungulia tena kwa wasiwasi wa mtu anayekagua kazi ya mikono yake mwenyewe.

Maana aliiunda yeye. Mabomba yalikuwa ya zamani kweli, yametolewa kwenye baiskeli iliyojifia. Mengine yote uongo mtupu. Kutu ilipatikana kwa chumvi na siki, fremu ikilazwa juu ya bati la choo. Rangi ilipakwa, ikasuguliwa kwa msasa, ikapakwa tena mpaka ikachoka. Na kwa kuwa marehemu alitumia mkono wa kushoto, ndiyo sababu watu walimwita Fundi Shoto, shemeji ilimbidi ajifunze kulehemu kwa mkono huohuo ili shaba ya kuungia mabomba ilalie upande ilikozoea kulalia. Alijiunguza vidole hadi akashindwa kushika kijiko.

Enzi za uhai wake Shoto aliunda fremu moja moja, kwa tupa na moto, na watu walizipanda kwenda kazini bila kuzitazama mara mbili. Alipokufa ndipo zikawa lulu. Wakusanyaji wamezitundika kuta nzima, na wanagombana kuhusu ipi ni yake na ipi si yake utadhani wanagombea mtoto. Ila ile ya mwisho, aliyojiundia mwenyewe, hakuna aliyekuwa nayo. Asubuhi alipookotwa mtaroni, kichwa kimepasuka, baiskeli haikuwepo. Polisi waliandika kuwa ni ajali, wakafunga jalada.

"Jikaze," shemeji alisema. "Usiongee sana. Mwache aongee yeye."

"Na asipoongea?"

"Ataongea tu. Huyu mbele ya fremu hajui kunyamaza."

Kwa kazi kama hii watu hufungwa. Tena Bwana Kioo ndiye aliyekuwa mkusanyaji wa mwisho. Baada yake hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mjane akabisha.

Bwana Kioo alifungua mwenyewe. Kioo chake cha kukuzia kilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na wenye utani walisema hata msibani huenda nacho. Aliwaingiza kwenye chumba kinachonuka grisi, akaondoa kikombe cha chai mezani, akaivuta taa karibu. Shemeji alijifanya mchukuzi tu, akabaki kando ya mlango.

Shuka likafunguliwa. Bwana Kioo aliigeuza fremu juu chini, akapitisha ukucha kwenye viungio, pale ncha zilipochongwa nyembamba kwa tupa. Akainusa. Ndiyo, aliinusa!

"Viungio ni vya Shoto," mzee alinung'unika. "Na shaba imelalia kushoto."

Akamgeukia mjane.

"Ilikuwa wapi siku zote hizi, dada?"

"Darini, mzee wangu. Aliificha mwenyewe."

"Watu walisema alitoka nayo asubuhi ile."

"Watu husema mengi."

Bwana Kioo alimtazama kidogo, kisha akachukua tochi nyembamba, akaingiza mwanga kwenye tundu tupu la ekseli ya pedeli. Akachungulia, jicho moja limefumbwa. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa zuri.

"Aliyeiunda ana mkono, sikatai," alisema. "Lakini si yenyewe. Ifunge na shuka lako, uende nayo salama kabla sijamwita mtu."

Shemeji kule mlangoni alikohoa. Huu ndio ulikuwa wakati wa kuondoka kwa heshima, lakini mjane hakuondoka.

"Samahani, mzee," alisema, sauti inamkatika. "Labda macho yamechoka. Ngoja niipeleke kwa mtu anayezijua fremu za Shoto."

Bwana Kioo aliganda. Ungemtukana mama yake mzazi angevumilia zaidi.

"Anayezijua nani? Anayezijua nani kama si mimi?" Alimshika mkono akamvuta mezani. "Chungulia humu! Hapo bomba la kiti linapoishia. Unaona nini?"

"Chuma."

"Chuma kitupu! Ile ya Shoto ina kiraka cha shaba humo ndani, kidogo, sawa na ukucha wa kidole gumba. Kwa nje huwezi kukiona, ni mpaka ung'oe ekseli. Nyie matapeli hamkijui, ndiyo maana mimi hamniwezi!"

Mjane alivuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa.

"Shemeji," aliita bila kugeuka, "funga mlango."

Kisha akamtazama Bwana Kioo usoni.

"Wenzako wote walioikagua waliniambia ni yenyewe. Kiraka hicho mume wangu alikitia jioni ya kuamkia kifo chake, mimi peke yangu nikimshikia taa, na kulipopambazuka akaipanda akaondoka."