Mchoro wa Melini

Bi Tausi alishuka melini na mchoro wa mwanamke akipika vitumbua, alioushinda kwenye mnada wa abiria humo melini, akitafuta fundi wa fremu. Mwanaidi, muuza vitumbua hapo bandarini, alipouona aliacha kupika, akaushika.

"Huyu mama yangu, Mungu amrehemu. Aligeuza vitumbua kwa mkono wa kushoto hivi hivi."

"Una picha yake nyumbani?"

"Hata moja. Hakukubali kupigwa."

"Basi huyu mchoraji alimwibia."

Walicheka. Honi ya meli ililia. Mwanaidi alimrudishia mchoro, lakini Bi Tausi hakuupokea.

"Niliupandishia dau nipambe sebule yangu, kumbe nakuletea wewe. Nifungie vitumbua, mwanangu."

Mwanaidi alivifunga vyote kwa mtandio wake.

Bi Tausi alipanda ngazi ya meli taratibu, amekikumbatia kile kifurushi cha moto.