Mzee Ngwali Ajaribu Simu ya Gari

Idarusi alikuwa amepeleka posa kwa Raya na majibu bado. Asubuhi hiyo baba wa binti, Mzee Ngwali, akamwomba lifti mpaka sokoni.

"Ati gari lako linapokea simu?"

"Ndiyo, mzee. Jina linatokea hapa kwenye kioo cha redio, sauti inatoka kwenye spika."

"Uongo huo! Ngoja nikupigie nione."

Kabla Idarusi hajamzuia, gari zima likalia. Kioo kikawaka kwa herufi kubwa: BABA MKWE.

Idarusi alikanyaga breki katikati ya barabara. Nyuma honi zikaanza. Mzee alivaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Kumbe mwenzetu ulishaoa zamani!" alisema, simu ingali sikioni. "Haya pokea basi, mkweo anasubiri."

Idarusi alinyoosha kidole kwenye kitufe cha kijani, akabonyeza, akaitika: "Naam, baba."