Kipande cha Fundi Viatu

Siku filamu ilipotoka, ukumbi wa sinema wa mji mmoja mdogo wa Polandi ulijaa wakazi walioigiza humo, waliokuja kujitazama. Otylia aliketi mstari wa tatu. Mumewe Zenobi, fundi viatu, alikuwa ameigiza kipande kimoja tu, akafariki kabla filamu haijakamilika. Wakati huo mwongozaji alimpigia simu Otylia. "Mama, kama kitakuumiza, nitakikata." Yeye akajibu, "Kiache."

Sasa Zenobi akatokea kwenye skrini, nyundo mkononi. Alitakiwa kumwambia askari aliyerudi kutoka vitani, "Karibu nyumbani." Badala yake aliviangalia viatu vya mwigizaji yule, akakunja uso, akasema kwa Kipolandi chake cha mtaani, "Nani kakushonea takataka hii? Hebu vua!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Otylia naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka akashika mbavu.

Taa zilipowashwa, watu wakatoka, yeye akabaki. Mwongozaji akamwinamia.

"Mama, kimekuumiza?"

"Mnaonyesha tena lini?"

"Leo hii, saa kumi na mbili jioni."

Otylia akavua mtandio wake, akautandika juu ya kiti kitupu kilichokuwa kando yake, kama anayemwekea Zenobi nafasi.